SDM630 ya Eastron: mita nzuri, ila jua rejista ipi inatangulia

Wenye hoteli za Paje na Jambiani, na wenye majokofu makubwa ya samaki, wana swali moja: umeme wa tokeni za TUKUZA, ule wa kulipia kabla, unaliwa na nini? Mita ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, inatoa jumla tu. Ukitaka kujua pampu imekula ngapi na viyoyozi vimekula ngapi, unafunga mita yako mwenyewe baada ya ile, na kwa fezi tatu tunaipendekeza SDM630-Modbus bila kusita.

Inakaa kwenye reli ya DIN, kile kipande cha chuma cha kubania vifaa ndani ya boksi la umeme, na inapitisha hadi ampea 100 moja kwa moja. Lakini thamani yake khasa iko kwenye nyaya mbili za RS485 (A na B) zinazopeleka hesabu hadi kwenye kompyuta, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokwama.

Modbus, lugha ambayo mita huzungumza na kompyuta, ilitoka kwa kampuni ya Modicon mwaka 1979, na rejista yake, yaani kisanduku cha kuwekea namba, ni ya biti 16 au baiti mbili, baiti kubwa ikitangulia. Namba yenye desimali inataka biti 32, yaani rejista mbili. Ipi kati ya hizo itangulie, itifaki haikusema, na kila kiwanda kikajiamulia. Chukua volti 231.4. Mita inatuma baiti nne, 43 67 66 66 (kila jozi ni baiti moja iliyoandikwa kwa heksadesimali). Programu ikizipindua rejista inasoma 66 66 43 67, na skrini inaonyesha namba ya tarakimu 24. Hiyo kila mtu ataishuku. Ya hatari ni 230.0 kamili: 43 66 00 00 ikipinduliwa inakuwa 00 00 43 66, namba ndogo mno hata skrini inaandika 0.00. Fundi akiona sifuri anadhani fezi imekatika, anafungua boksi na kukaza skrubu zisizo na kosa lolote.

SDM630 inatuma rejista kubwa kwanza, na kitabu chake kinasema hivyo waziwazi. Kwa sababu hiyo tu tunaiweka mbele ya mita yoyote ya bei rahisi ambayo karatasi yake imenyamaza kuhusu jambo hili.

Jaribio lake ni jepesi. Kwenye programu ya kompyuta weka spidi 9600, bila pariti, stopu biti 1, kisha tuma 01 04 00 00 00 02 71 CB. Hapo umeiambia mita namba 1: soma rejista mbili kuanzia 0. Jibu lisilo na kosa litaanza na 01 04 04, halafu baiti nne za volti ya fezi ya kwanza. Zile mbili za mwisho ulizotuma, 71 CB, ni CRC, namba ya kuhakikisha ujumbe haukuharibika njiani, nayo huenda kinyume, ndogo kwanza, ndani ya ujumbe uleule! Angalia pia anwani: kitabu kinaandika 30001, kwenye waya ni 0, 30003 ni 2. Ukikosea kwa moja unachukua nusu ya volti ya fezi hii na nusu ya ile.

Raspberry Pi na kompyuta za Intel zote huweka baiti ndogo kwanza. Kwenye Python andika struct.unpack(">f", data), data ikiwa zile baiti nne za volti. Ukiisahau alama ile >, Python inafuata mpangilio wa kompyuta yenyewe na hesabu inaharibika.

Kufanana huko kusikudanganye. Programu iliyotengenezewa laptopu ya Intel ukiinakili kwenye Pi inagoma na kuandika Exec format error, maana lugha ya prosesa ni nyengine kabisa. Amri ya Linux iitwayo file itakwambia programu ni ya prosesa gani, na ya biti 32 au 64. Hilo la biti lina mtego wake: rekodi ya lugha ya C yenye long moja (namba kamili, mfano ya tarehe) na float mbili (namba za desimali, mfano za volti) ni baiti 12 kwenye Linux ya biti 32, na 16 kwenye ya biti 64. Faili la zamani litafunguka, kisha tarehe na volti zitachanganyika. Hifadhi kumbukumbu kwa CSV, yaani maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa koma, usumbufu huo utauepuka.

Kufunga ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, swichi kuu ikiwa imezimwa. Mita isipojibu kabisa, badilisha A na B kwanza. Waya uwe wa kusokotwa, na rezista ya ohm 120 kila mwisho. Pwani, tumia boksi la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na uzibe matundu ya nyaya; chumvi inakula vituo vya RS485 mapema kuliko vile vikubwa vya umeme.

Kwa pampu ya kisima ya fezi moja, SDM120 inatosha. Volti yake iko kwenye rejista ileile, ila spidi yake ya kiwandani ni 2400.