Warsha ya "ufundishaji bora" kwa wahadhiri: uzoefu wangu, siku mbili, hasira moja

Hivi mtu akikuita "binti" mbele ya watu kama hamsini, na una PhD, na mtoto wako wa kwanza yuko form two, we ungefanyaje? Mi nilikaa chini. Kinachoniuma mpaka leo wala sio hilo "binti", ni kwamba nilikaa.

Naongelea ile warsha ya wahadhiri ya kufundishwa kufundisha, siku mbili, Morogoro, hoteli flani yenye AC inayodondosha maji juu ya meza ya usajili. Ilikuwa baada ya mitihani ya semista, wiki gani sikumbuki, najua tu nilikuwa na bunda la skripti sijasahihisha nikalibeba hadi kwenye treni. Na nisieleweke vibaya, nilienda kwa moyo kabisa, sikufuata posho (ya posho nayo ni hadithi nyingine, tuiache). Sababu kuna ukweli sisi wenyewe hatupendi kuusema: wengi wetu vyuo vikuu hatujasomea kufundisha. Mwalimu wa chekechea kasomea. Wa sekondari kaenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), kakaguliwa, kaandika andalio la somo mpaka mkono ukauma. Sisi unamaliza digrii na GPA nzuri, unabakishwa chuoni, keshokutwa unasukumwa ukumbini kuna watoto mia nne wanakuangalia. Unafundisha ulivyofundishwa, na aliyekufundisha naye alifundishwa hivyohivyo. Kwa hiyo barua ya warsha ilivyokuja mi nilifurahi, nikanunua hadi daftari jipya, mnacheka lakini ndo hivyo.

Siku ya kwanza. Mgeni rasmi kachelewa, salamu, itifaki imezingatiwa, picha ya pamoja nje kwenye jua, chai na sambusa. Baada ya chai akaja mwezeshaji. Suti nzuri, kile kirimoti cha kubadilishia slaidi mkononi. Mada yake ilikuwa kwamba muhadhara umepitwa na wakati, mwalimu asiongee peke yake, mwanafunzi ashirikishwe. Akaongea peke yake mpaka saa saba na robo. Sitanii. Slaidi nilihesabu mpaka ya 71 nikaacha, na zote alikuwa anasoma neno kwa neno, tena kageukia ukutani. Tulipoanza kusinzia akatusimamisha tupige makofi matatu na kusema "niko hai", prof mmoja karibu anastaafu anapiga makofi anasema niko hai, basi tukakaa tukaendelea kusinzia.

Nimtendee haki, kile kipande cha Bloom, ile ngazi ya 1956 ya kupanga malengo ya kujifunza, kilinisaidia. Alisema kwenye malengo ya kozi usiandike mwanafunzi "ataelewa", maana kuelewa utakupimaje, andika atakokotoa, atalinganisha, atatetea. Mi kozi autilaini yangu ni ataelewa, ataelewa, ataelewa kuanzia juu mpaka chini. Hapo niliandika kwenye daftari jipya.

Sasa ikaja slaidi ya piramidi. Kama umewahi kukanyaga warsha yoyote ya walimu umeiona: binadamu anakumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, 50 ya anachoona na kusikia, 70 ya anachosema, 90 ya anachofanya. Mi nafundisha takwimu. Nikiona namba zimepangana zote zinaishia na sifuri, hamna 13, hamna 47, mwili unasisimka. Nikanyoosha mkono, kwa adabu zote, nikasema samahani mwezeshaji, hizi asilimia zimetoka kwenye utafiti gani, na walipimwa watu wangapi?

Akaniangalia. "Binti, wewe unafundisha nini?"

Nikasema takwimu.

"Aaah. Ndo maana." Ukumbi ukacheka. "Hapa tumekuja kujifunza kufundisha, hatujaja kubishania namba. Nyie ndo mnaokamata watoto wa watu kwenye mitihani. Tuendelee, Dokta naomba uzime ile taa ya mbele."

Dokta aliyeombwa kuzima taa ni kijana niliyemfundisha mimi. Nimesimamia disetesheni yake ya masta mimi. Huyo ni Dokta, mi ni binti. Nikakaa. Na nawaapia hazikupita slaidi tano ikaja iliyoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: HAKUNA SWALI LA KIJINGA, MJENGEE MWANAFUNZI UJASIRI WA KUULIZA. Akaisoma yote kama ilivyo. Jirani yangu, dada mmoja wa kilimo, alinibana paja chini ya meza maana aliona nataka kucheka au kulia, hata mi mwenyewe sikujua kipi.

Mchana ndo tukaambiwa tuwagawe wanafunzi: kuna wa macho, wa masikio na wa mikono, kila mmoja umfundishe kwa njia yake. Darasa langu lina watu 380 na maiki moja inayokata. Nianze kuulizana na kila mtoto we wa sikio au wa jicho? Nilitaka kuuliza hilo la maiki lakini mkono wenyewe ulishakuwa mzito.

Usiku sikulala, nikakaa na simu na bando langu mwenyewe maana waifai ya hoteli ilikuwa inashika mapokezi tu. Piramidi ile mara nyingi inabandikwa jina la Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Kweli Dale alichora koni, kwenye kitabu chake cha 1946, kuonyesha uzoefu wa kujifunza kuanzia kutenda mpaka maneno matupu, ila kwenye koni yake hamna asilimia hata moja. Zilikuja kubandikwa baadaye na watu wengine, na utafiti wenyewe haupo. Na yale ya macho na masikio, 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Pashler walipitia tafiti zilizokuwepo wakakuta hamna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu agawe darasa hivyo. Yani nilichouliza kilikuwa na jibu, tena jibu lililokuwa upande wangu, na mimi nikaitwa binti. Saa nane usiku nikaanza kuandika review hii, ilikuwa na sentensi moja tu: MSIENDE.

Sasa hapa ndo naanza kujikanganya.

Siku ya pili nilibaki kwa sababu tu karatasi ya mahudhurio inasainiwa jioni. Akaja mama mmoja mtu mzima, kajifunga kitenge, miwani inaning'inia kifuani, hana slaidi hata moja. Hakujitambulisha kwa dakika ishirini kama yule. Akauliza: lori la mchanga limegongana uso kwa uso na Vitz. Wakati wa kugongana, nani kampiga mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Andika jibu lako kwenye karatasi, usimwonyeshe mtu.

Nikaandika lori. Si ndo, lori.

Akasema nyoosheni mikono. Wengi sana lori. Haya, mgeukie jirani ambaye jibu lake ni tofauti, mshawishi. Jamani ukumbi uliwaka. Mtu wa sheria alisimama kabisa akawa anatetea lori kama yuko mahakamani, dada wa kilimo ananichorea mishale kwenye leso ya karatasi, yule prof wa "niko hai" sasa ndo alikuwa hai kweli, anagonga meza. Kura ya pili nikahamia kwa waliosema sawasawa. Na ndo jibu, ni Newton yuleyule wa sekondari, nguvu ni zilezile, Vitz inakunjika kwa sababu ni nyepesi. Watu na PhD zetu.

Ndo akatuambia njia hii ni ya Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 90 aligundua wanafunzi wake wanafumua hesabu ngumu lakini maswali mepesi ya namna hii yanawaangusha, akapunguza kuongea akaanza kuwabishanisha. Halafu mama akaandika ubaoni 34 na 22. Akasema, na hapa hakuna aliyemuuliza, hizi zimetoka kwa Freeman na wenzake, 2014, walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi: kwenye muhadhara mtupu waliofeli ni karibu 34 kwa mia, kwenye madarasa ya kushirikisha karibu 22. Nilitamani nikamkumbatie. Kumbe namba za kweli zipo! Zipo, tena nzuri, tena zinasema kilekile yule bwana alichokuwa anataka kusema, sasa kwanini mtu aache dhahabu akavae bati?

Mchana kila mtu akafundisha dakika kumi, mwenzie anamrekodi kwa simu. Nimejiangalia. Dakika kumi, sita nimewapa mgongo wasikilizaji, sauti inaenda ubaoni. "Mmeelewa?" nimesema mara kumi na moja, nimehesabu, na hakuna hata moja niliyosubiri jibu. Mama akaniambia taratibu, pembeni, "Dokta, ukiuliza mmeelewa, nani atakayesimama aseme yeye hajaelewa?" Nilikaa chini tena, ila kukaa kwingine.

Kwa hiyo niseme nini? Nendeni siku ya pili tu. Ila siku ya kwanza nayo ina kusaini, huwezi kuiruka. Basi nendeni zote na mbebe kazi ya kusahihisha. Hapana, tena nakumbuka lile cheko la ukumbi najisikia kusema msiende kabisa mpaka waandaaji wamwondoe yule bwana, na kwenye fomu ya tathmini niliandika hivyo, nyuma na mbele, halafu nikaona fomu zinakusanywa na nani? Na yeye. Anazipitia palepale mlangoni.

Semista hii nimeanza kugawa vikaratasi mwisho wa kipindi, andika kitu kimoja hujakielewa, usiandike jina. Mama ndo alitufundisha. Vya kwanza nilisomea kwenye gari nimepaki. Nilitegemea wataandika vipimo vya mtawanyiko, uwezekano, mambo hayo. Vikaratasi kama thelathini, miandiko tofauti, vimeandika kitu kimoja: madam huku nyuma hatusikii, tangu wiki ya kwanza.

Cheti kimefika juzi, nakihitaji kwenye faili la kupandishwa cheo. Jina langu limepatiwa vizuri, herufi zote. Mbele yake wameandika "Bw."

Nimepiga simu kirekebishwe. Wamesema niandike barua, ipitie kwa mwezeshaji.