Miezi saba ya kuchunguzwa: tathmini ya huduma ya kuwaandaa walezi wa kambo Uingereza

Mimi na mume wangu tuliidhinishwa kuwa walezi wa kambo na halmashauri ya mji mmoja wa katikati ya Uingereza, baada ya miezi saba ya kujaza fomu, kuhojiwa na kuhudhuria mafunzo. Kwa kuwa ndugu na jamaa wa Kitanzania na Kikenya tunaoishi nao huku hawaachi kutuuliza shughuli hiyo ina nini ndani yake, nimeona niitathmini huduma yenyewe kama mtu anavyotathmini hoteli aliyolala au fundi aliyemjengea. Halmashauri sitaitaja kwa jina, na kuhusu mtoto aliyeletwa kwetu nitasema kidogo mno, maana siri zake ni zake. Ninayoyaeleza yanahusu England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu Tanzania jambo hili huitwa rasmi malezi ya kambo, nami nalifuata, ingawa najua kwamba sikio la Mswahili likisikia kambo hukimbilia kwenye hadithi za mama wa kambo anayemnyima mtoto hata ukoko. Mlezi ninayemzungumzia hapa hajaolewa na baba wa mtoto wala hana undugu naye. Ni mtu aliyechunguzwa na kupewa idhini ya kumtunza nyumbani kwake mtoto ambaye halmashauri imemchukua chini ya uangalizi wake, iwe kwa usiku mmoja, kwa miezi kadhaa au mpaka awe mtu mzima, na muda wote huo wazazi wa mtoto wanabaki kuwa wazazi wake kisheria. Hapo ndipo anapotofautiana na aliyeasili mtoto, na hapo ndipo wengi wetu hujikwaa.

Mwombaji ana milango miwili. Anaweza kwenda moja kwa moja kwenye halmashauri au kwenye wakala wa malezi anayejitegemea, na pande zote mbili hukaguliwa na Ofsted, chombo kilekile kinachokagua shule, ambacho ripoti zake mtu yeyote anaweza kuzisoma bure mtandaoni. Mawakala mara nyingi hulipa zaidi, lakini halmashauri kwa kawaida hutafuta nafasi kwanza miongoni mwa walezi wake yenyewe. Tulichagua halmashauri kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ofisi zake ziko mwendo wa basi moja, jambo lililotufaa baadaye kuliko tulivyodhani.

Uchunguzi wa awali ulikwenda kwa mpangilio. Hatukutakiwa kuwa raia wa Uingereza, ila tulionyesha vibali vyetu vya kuishi; hatukutakiwa kumiliki nyumba, ila barua ya mwenye nyumba ilihitajika, na chumba cha ziada kilikuwa sharti, kwa kuwa mtoto aliyezidi miaka 3 anatarajiwa kuwa na chumba chake. Daktari aliandika ripoti ya afya zetu, kumbukumbu za polisi wa hapa zilipekuliwa, na kwa sababu tuliwahi kuishi nje tukaambiwa tulete hati ya tabia njema kutoka Jeshi la Polisi la Tanzania. Hati hiyo hutolewa kwa alama za vidole, na kumpata mtu wa kutuchukulia alama hizo tukiwa huku kulitumalizia wiki tatu ambazo hakuna aliyekuwa ametuonya. Mwenzangu unayefikiria kuomba, ianze hati hiyo siku ileile unayojaza maombi.

Sehemu ninayoisifu kuliko zote ni mahojiano ya kuandaa ripoti inayoitwa Fomu F. Afisa ustawi wa jamii, mama wa makamo mwenye utulivu wa ajabu, alikuja nyumbani mara tisa, akatuhoji pamoja na kila mmoja peke yake, akazungumza na binti yetu, kisha akawafuata wadhamini wetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya usafi na mapishi. Yeye akaniuliza nililelewa na nani. Nikamjibu kwa wepesi kwamba nilipofika miaka saba nilitolewa kwetu Kilosa nikapelekwa Tanga kwa shangazi, nikasoma huko hadi darasa la saba, kama walivyofanya binamu zangu na watoto wengi wa mtaani kwetu. Akauliza nani aliamua, na kama mimi mwenyewe niliulizwa. Nilinyamaza kwa muda mrefu. Katika miaka zaidi ya 40 hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na shangazi yangu, Mungu amrehemu, alinilea kwa mapenzi. Lakini nililikumbuka sanduku langu la bati, nikaukumbuka na usiku wa kwanza, nilipolala na viatu miguuni ili nisikawie pindi nitakapoitwa kurudi nyumbani. Afisa hakunihurumia wala hakuikosoa familia yangu. Alisema tu kwamba mtoto atakayeingia kwetu huenda naye akalala na viatu, na kwamba alitaka kujua kama nitaelewa bila kuambiwa.

Aliuliza pia kuhusu adhabu, na hapo alikuwa mkali. Mlezi wa kambo haruhusiwi kumpiga mtoto kwa namna yoyote, hata kibao cha mkononi, na mume wangu, aliyesoma bweni enzi za fimbo, alilazimika kueleza hatua kwa hatua atafanya nini kijana akimtukana mbele ya wageni. Jibu lake la kwanza halikupita. La pili nalo lilirudishwa, na mimi nilicheka, jambo ambalo nasikia limeandikwa kwenye ripoti.

Mafunzo ya siku tatu yalikuwa ya wastani. Siku ya kwanza chai ilikuwa nyingi kuliko maarifa, na mifano yote ilionekana kutungwa kwa watu wasiowahi kuishi nyumba moja na zaidi ya watu wanne. Siku ya pili iliyaokoa. Mkufunzi alieleza kisa cha Victoria Climbié, msichana wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, ambaye wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake wakitumaini atapata elimu Ulaya, naye akafa London Februari 2000 kwa mateso ya mwanamke huyo na mwanamume aliyeishi naye. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ilitolewa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watoto ya 2004. Kisa hicho kilitajwa ili kufafanua jambo ambalo kila Mswahili wa huku anapaswa kulijua: ukikaa kwa siku 28 au zaidi na mtoto wa chini ya miaka 16 asiye wako, kwa makubaliano na wazazi wake, nawe si babu, bibi, kaka, dada, mjomba, shangazi wala mzazi wake wa kambo, sheria inakutaka uiarifu halmashauri. Mtoto wa binamu yako yumo katika sharti hilo. Mtoto wa jirani yako wa Mombasa, ambaye tangu azaliwe unamwita mwanao, yumo. Yumo pia yule anayekuita mama mdogo kwa kuwa wewe na mama yake ni watoto wa ndugu. Niliinamisha macho mezani nikahesabu kimoyomoyo nyumba tatu ninazozijua.

Ripoti hiyo ikapelekwa mbele ya jopo linalopitia maombi, nalo lilitumaliza kwa dakika 40. Mwenyekiti wake si mwajiriwa wa halmashauri, na mmoja wa wajumbe alikuwa kijana aliyelelewa na walezi wa kambo, ambaye maswali yake yalikuwa mafupi na bora kuliko ya wengine. Jopo hupendekeza tu. Uamuzi hutolewa na ofisa mwingine, na anayekataliwa ana siku 28 za kupinga.

Baada ya idhini ndipo ubora wa huduma ulipoanza kushuka. Mlezi hupewa afisa wake wa kumsimamia, na mtoto huwa na afisa wake tofauti. Wa kwetu ni mzuri: hupokea simu, na hata alipotutembelea bila taarifa, kama kanuni inavyotaka walau mara moja kwa mwaka, alibisha hodi kama mgeni. Maafisa wa mtoto wamebadilika mara tatu. Jambo hilo lina uzito kwa sababu mlezi hana mamlaka ya mzazi. Mtoto aliyekabidhiwa kwa hiari chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya 1989 bado anaamuliwa na wazazi wake. Kukiwa na amri ya mahakama ya kumweka chini ya uangalizi, halmashauri hushiriki mamlaka hayo pamoja nao. Nasi tunabaki na yale tuliyokasimiwa kwa maandishi, kama vile kulala kwa rafiki, picha za shule, ziara na kunyoa nywele. Maandishi hayo yalitufikia baada ya wiki tano. Kwa wiki tano nilikuwa na kichwa kinachohitaji kinyozi na simu isiyopokewa, na mimi ni mtu niliyesuka nusu ya mtaa wetu bila kumwomba mzazi yeyote ruhusa. Nambari ya dharura ya mwisho wa wiki nayo ilinichezea muziki kwa dakika 50, Jumamosi usiku.

Kuhusu fedha, serikali huweka kiwango cha chini cha posho. Katika mwaka wa fedha wa 2024/2025, nje ya London na Kusini Mashariki, kilikuwa pauni 165 kwa wiki kwa mtoto mchanga na kupanda hadi pauni 250 kwa kijana wa miaka 16 au 17. Mlezi huhesabiwa kuwa amejiajiri na hujisajili kwa mamlaka ya kodi, ingawa nafuu aliyowekewa ni kubwa kiasi kwamba wengi hawalipi chochote. Mtu anayetafuta mshahara atafute kwingine, kwa maana posho hiyo huishia kwenye viatu, nauli na friji. Mama alinipigia simu kutoka Kilosa baada ya kusikia habari hizi kwa mdogo wangu.

“Mwanangu, kumbe unalipwa kumlea mtoto wa mwenzio?”

“Ndiyo, mama. Nalipwa matumizi yake, na kila usiku naandika siku yake ilivyokwenda.”

“Na mama yake yupo?”

“Yupo. Huonana naye kila Jumatano.”

“Basi Jumatano umfungie na chakula.”

Huduma hii naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano imebaki na wale wasiopokea simu. Mapitio yetu ya kwanza ya mwaka ni mwezi ujao, na ombi langu nimekwisha kuliandika: karatasi ya ruhusa ijazwe na kutiwa saini kabla mtoto hajashushwa garini.