Seti ya udongo ya Puzur-Inshushinak: inunue, ila ongeza msumari

Seti hii ya kuwafundisha wanafunzi kuiga maandishi ya kale kwenye udongo inauzwa shilingi 15,000 kwenye duka moja la vifaa vya shule maeneo ya Makoroboi, Mwanza. Ndani mna kilo 2 za udongo wa mfinyanzi, kijiti cha mbao chenye ncha ya pembetatu na karatasi ya alama iliyopigwa laminesheni. Mfalme ambaye maandishi yake yanaigwa amechaguliwa vizuri mno. Puzur-Inshushinak alikuwa gavana wa Susa, ndiyo Shushani ya kitabu cha Esta, akawa mfalme wa Awan, ufalme wa Elamu ya kale (kusini-magharibi mwa Iran ya leo), karibu na mwaka 2100 KK. Maandishi yake yapo kwa miandiko miwili: kikabari (alama za umbo la kabari) cha Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, na mwandiko wa mistari wa Kielamu.

Tatizo ni kijiti. Kinafaa kikabari tu, kwa kuwa kikabari hubonyezwa. Mistari ya Kielamu huchorwa, na ya mfalme huyu ilichongwa kwenye mawe, kama lile la simba lililoko makumbusho ya Louvre, Paris. Ukiichora kwa ncha ya pembetatu udongo unavimba kingoni na duara zinakatika. Tafuta msumari wa inchi 3, uunoe. Kikabari kibonyeze mara tu baada ya kukanda. Kwa mistari subiri udongo ukaze, kidole kisizame.

Udongo wenyewe ni safi, hauna changarawe. Ukande dakika 10 ili unyevu uenee, kisha utandaze unene wa sentimita 2; vinatoka vibao 4 vya sentimita 10 kwa 12. Anika kivulini, siku ya kwanza chini ya kitambaa chenye unyevu, na uvigeuze. Shule za Kirumba na Capri Point ziwe makini zaidi: upepo wa ziwani hukausha uso wa juu kabla ya wa chini, kibao kikajikunja na kupasuka.

Karatasi imepitwa na wakati. Inasema mwandiko wa mistari haujasomeka, ilhali mwaka 2022 mwanaakiolojia François Desset na wenzake walichapisha usomaji wa alama nyingi, wakisaidiwa na maandishi ya vyombo vya madini ya fedha, ingawa wapo wataalamu wasiokubali yote. Mwalimu aanze na jina la mfalme: lilijulikana kwa Kiakadi, ndiyo maana wasomi wa kwanza waliweza kulitafuta upande wa Kielamu. Na mistari ya Kielamu wanafunzi waiandike kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo karatasi haikulitaja kabisa.