TAHADHARI: Vitabu vya "kifalme" kutoka Arusha, mimi nimeshapigwa

Wazazi wa Arusha na Moshi, someni hii kabla hamjatuma hela. Naandika kwa hasira na aibu, maana mimi ndiye ninayewasema wenzangu kila siku kwamba wanaingizwa mjini kizembe. Haya, zamu yangu imefika. Chekeni mmalize tuendelee.

Nilijiapiza kwamba bethidei ya binti yangu ya mwaka huu lazima ifane. Kwa hiyo nilipoona tangazo la seti ya vitabu vitatu, cha kupaka rangi, cha stika na cha wanasesere wa karatasi, vyote vya ufalme wa Uingereza, nikasema Mungu ameniona. Binti yangu katuni hana habari nazo. Yeye ni mataji, magauni na magari ya farasi, basi. Baba yake humtania: huku Uchagani tumejaa mamangi, machifu wetu wenyewe, Mangi Meli Wajerumani wamemnyonga mwaka 1900 hapo Old Moshi tu, wewe unahangaika na Charles?

Sasa mniambie kama nyie msingemwamini huyo dada muuzaji. Kaanza na shikamoo. Kaniuliza mtoto ana miaka mingapi, anajua kutumia mkasi? Akasema cha stika ni cha kutawazwa kwa Mfalme Charles, Mei 6, 2023, na taji linang'aa. Cha wanasesere kina mabibi harusi na magauni yao ya kuvalisha. Mimi kwa kujifanya najua nikaandika, "Aa, Diana yule aliyefungia ndoa Westminster." Akanisahihisha! "Hapana dada, Diana ni St Paul's, Julai 29, 1981. Westminster ni Kate, 2011. Na gauni la Diana mkia wake futi 25, kwenye kitabu umechorwa wote." Jamani, tapeli gani anakusahihisha tarehe ya harusi? Nilimwona ni mtu wa vitabu, mwalimu pengine. Nikatuma 65,000, na ya kutolea juu, na 5,000 ya kosta.

Mzigo ukafika stendi jioni. Konda kanipa bahasha ya kaki imekunjwa katikati kama barua ya posa. Nilipoishika tu moyo ukadunda, kitabu cha stika hakikunjiki vile. Lakini nikajipa moyo mpaka nyumbani.

Fotokopi. Nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi zilezile za barua, zimepigwa pini mbili za stepla na moja imekaa upande. Nimehesabu kurasa 46. Kwa shilingi 100 ya kopi moja, huyu dada katumia 4,600 kunila mimi 65,000. Lile gari la dhahabu la mfalme linalovutwa na farasi wanane, kwangu limekuja na farasi watano na kichwa cha wa sita. Gauni la Diana ndilo lilionitoa machozi. Mkia umeanza vizuri kabisa, marinda yanaonekana, halafu karatasi imeisha. Futi 25 zimekatwa na mashine ya kopi.

Na "stika" hazina gundi. Mtoto kakata taji, kalilamba, kalibandika kwenye friji, likadondoka. Kalilamba tena. Taji ambalo huko London lina zaidi ya kilo mbili, hapa kwangu feni inalipeperusha hadi chini ya kochi. Kwenye wanasesere ndiyo kabisa, maana vile vimasikio vya kukunjia begani vimeliwa na kingo za kopi, gauni halina pa kushikia. Kajaribu, kajaribu, mwisho kanigeukia, "Mama, huyu amekataa kuvaa."

Nikampigia. Ikaita mara moja, akakata. Ujumbe wa pili haukufika, ameshanifungia.

Huyu mtu nataka alale gereza la Kisongo. Sitanii. RB ya polisi nimechukua. Na akifika huko apewe mkasi butu akate wanasesere elfu moja, kila mmoja na vimasikio vyake, na asiyekaa vizuri aanze upya. Kumwibia mtu mzima sawa, tunajuana, ila mtoto alikuwa anahesabu siku kwa vidole! Kuna watu wanasema msamehe, elfu sitini na tano siyo pesa. Nitumieni basi, kama siyo pesa.

Dalili? Zilikuwepo, nakiri. Jina lililotokea wakati wa kulipa lilikuwa la mwanaume, akasema ni simu ya mume wake. Ile video ya kufunua kurasa haikuwa na sauti wala mkono wa mtu mweusi. Nilimwambia Jumamosi nakuja Arusha nivichukue mwenyewe, yeye anasema anakaa Njiro, ghafla akawa amesafiri. Na kulipa mzigo ukifika alikataa, eti kuna mama wa Sakina anavitaka leo hii. Huyo mama wa Sakina kama upo kweli, nitafute, tulie pamoja.

Mume wangu anasema ningeshuka kwa mangi wa duka hapo chini ningepata daftari la kupaka rangi kwa buku mbili, na huyo angalau ni mangi kweli. Hajaacha kucheka tangu Jumanne.

Picha za hizo kopi ninazo, na namba yake pia, anayetaka kulinganisha na ya muuzaji wake aniambie. Na wewe dada, najua unasoma hapa kwa namba nyingine. Hela kaa nayo mpaka polisi wakufikie. Ila ule mkia wa gauni uliobaki, nitumie.