HELIOS One: uzoefu wangu na mtambo wa jua wa Fallout: New Vegas

Nimezaliwa Walukuba, Jinja, Uganda, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka bwawa la umeme la Nalubaale. Kazi yangu ni kutandika nyaya za umeme majumbani, na usiku nacheza gemu. Kwa hiyo gemu ikiniingiza kwenye mtambo wa kufua umeme, naangalia kila kitu kwa jicho la fundi. Mara nyingi naumia moyo. Mitambo ya kwenye gemu karibu yote ni korido moja ndefu yenye mabomba, taa nyekundu na maadui. Unapiga risasi, unashusha wenzo, mlango unafunguka, unaondoka. Umeme wenyewe unakwenda kwa nani? Hakuna anayekuuliza.

HELIOS One ndiyo mahali pa kwanza nilipoulizwa.

Niseme kwanza kuhusu gemu yenyewe. Fallout: New Vegas ilitengenezwa na Obsidian Entertainment ikatoka 2010, na bado inauzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni. Niliisubiri mpaka ikashushwa bei, nikaipakua usiku kucha maana inachukua GB 10 hivi. Kompyuta yangu ni mpakato ya mtumba isiyo na kadi kubwa ya picha, na imeimudu vizuri. Shida ni kwamba siku za mwanzo gemu ilikuwa inazimika yenyewe, wakati mwingine mara mbili kwa saa moja. Dawa yake ni kirekebisho kidogo kilichotengenezwa na mashabiki, kinachoiruhusu gemu kutumia kumbukumbu ya GB 4 badala ya 2. Kiweke kabla hujaanza kucheza, usingoje uteseke kama mimi. Na uwe unahifadhi mchezo wako mara kwa mara, hasa kwetu ambako umeme wenyewe unaweza kukata katikati ya mapigano na betri ya mtumba isikupe hata dakika tano.

Hadithi iko mwaka 2281 katika jangwa la Nevada, Marekani, zaidi ya miaka mia mbili baada ya vita vya nyuklia vya 2077. Wewe ni tarishi. Ukitoka mji mdogo wa Novac kuelekea kaskazini, utauona mnara mrefu peke yake jangwani, umezungukwa na uwanja wa vioo. Huo ndio HELIOS One. Kabla ya vita ulikuwa mali ya kampuni ya Poseidon Energy. Sasa umeshikwa na wanajeshi wa NCR, serikali kubwa iliyotoka California, ambao waliwanyang'anya Brotherhood of Steel, kundi la wapiganaji wanaokusanya teknolojia ya kale, mwaka 2276 kwa vita vikali. Mzee wa Brotherhood, Elijah, alikataa kuuachia mtambo hata watu wake walipokuwa wanakwisha, kwa sababu alijua ndani yake kuna kitu kingine zaidi ya umeme. Hicho nitakifikia.

Ndani unamkuta bwana anayeitwa Fantastic, mwenye miwani ya jua, ambaye NCR wamempa mtambo mzima auendeshe. Hajui chochote. Walimwuliza kama ana shahada ya fizikia ya nadharia, akawajibu ana shahada ya kinadharia ya fizikia, wakampa kazi. Wachezaji wengi wanampenda kwa kuchekesha. Mimi sikuweza kucheka. Uganda watu wa namna hiyo tunawaita kamyufu, wale wanaopanda nguzo bila kusomea, wanaunga waya kwa koleo na mate, halafu mvua ikinyesha ng'ombe wa jirani anakufa, au mtoto. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha nyumba walizopitia. Nimekuta waya wa ardhini umefungwa kwenye bomba la plastiki. Aliyeandika maneno ya Fantastic ameshawahi kukutana na mtu wa aina hii, nina hakika kabisa, maana ule ulimi wake laini na ule upesi wa kubadilisha mada ndio wenyewe.

Pembeni yake kuna Ignacio Rivas, kijana mpole wa kundi la Followers of the Apocalypse, watu wa kutibu na kufundisha. Huyu ndiye anayejua kazi, na ndiye asiyesikilizwa. Ongea naye kabla hujafanya lolote.

Kazi unayopewa inaeleweka: nenda kwenye uwanja wa vioo, ziwashe upya kompyuta mbili, moja mashariki na nyingine magharibi, kisha upande mnarani ufikie kompyuta kuu. Njiani kuna mitego iliyoachwa na Brotherhood, na ndani ya mnara kuna roboti walinzi ambao hawajui kwamba vita viliisha. Sehemu ya mapigano ni ya kawaida, siielezei sana. Niliyoipenda ni kwamba ili kuirudishia kompyuta kuu umeme, unaweza kutengeneza jenereta kwa mikono yako kama una ujuzi wa ufundi, au ukamfufua roboti wa matengenezo akufanyie. Fundi anaheshimiwa humu. Niliitengeneza kwa mikono, bila shaka.

Halafu unafika kwenye skrini ya kijani yenye maandishi, na hapo ndipo gemu inapokaa kimya. Hakuna adui wala saa inayokukimbiza. Kuna orodha tu ya mahali pa kupeleka umeme. McCarran na Strip, yaani kambi ya jeshi na mtaa wa kasino. Fremont na Westside, mitaa ya watu maskini. Eneo zima, kila mtu apate kiasi. Eneo zima kwa kiwango cha dharura. Na chini yake, majina mawili ya silaha: Archimedes I na Archimedes II.

Jioni hiyo baba yangu mdogo alikuwa amekuja kula kwetu. Amestaafu sasa, lakini kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kituo cha kupoza umeme. Alikuwa kwenye zamu kipindi kile kibaya cha 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka na mashine za Jinja zikakosa nguvu. Wakubwa wangu mtakumbuka: leo kuna stima, kesho hakuna. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tu mafuta ya taa na moshi wa tadoba puani. Yeye anakumbuka simu. Simu ilikuwa inalia jioni, sauti inasoma majina ya laini za kuzimwa, naye anazizima moja baada ya nyingine. Viwanda vilibaki, hospitali ilibaki. Walukuba ilizimwa. Kisha anarudi nyumbani Walukuba kwa miguu gizani, na majirani wamekaa barazani wanamngoja wamwulize, "Wewe si ndiye unayeshika swichi?" Bwawa lenyewe lilifunguliwa 1954, umeme wake ukawa unavuka mpaka hadi Kenya, na sisi tuliokuwa tunasikia maporomoko yake tulikuwa tunanunua mishumaa.

Nilipofika kwenye ile skrini nilimwita. "Baba mdogo, njoo uone. Ungepeleka wapi hapa?"

Alisogeza kiti. Akaniomba nimsomee kila mstari kwa Kiswahili. Nikamsomea. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Hospitali iko upande gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia wale Followers wana kituo cha kutibu watu katika ngome moja ya zamani huko Freeside, upande wa Fremont. "Na hawa wa Strip, wana stima nyingine?" Wanayo, nikamjibu, wanaipata kutoka bwawa la Hoover. "Basi hao watoe kwenye hesabu, mwanangu. Hawa jeshi je, wakikosa watatushambulia?" Nimecheza gemu hii saa zaidi ya sitini na sijawahi kuwaza maswali hayo. Yeye aliyawaza kwa dakika mbili, kwa sababu aliyaishi.

Mwisho alisema eneo zima, kila mtu apate kidogo. Nikamwuliza kuhusu kiwango cha dharura, maana kinaahidi zaidi. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mzigo ukizidi nguvu ya mashine, mashine zinaanza kuchoka, ule mzunguko unashuka, na usipokata baadhi ya laini haraka mashine zinajitoa zenyewe moja baada ya nyingine mpaka nchi nzima iingie gizani. Ndiyo maana ya zile simu za jioni. "Tulikuwa tunawazima wachache ili wengine wasizimike," alisema. Baadaye, katika mchezo mwingine niliouhifadhi, nilijaribu kile cha dharura, na kweli gemu inakionyesha kuwa ni kuuzidishia mtambo nguvu na kuuharibu. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo kumwambia.

Ukishachagua unapanda juu kabisa ya mnara, unabonyeza kidhibiti cha vioo, na vioo vyote vya uwanjani vinageuka kwa pamoja kuelekea kwako. Mwanga unapanda. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne. Kama una spika nzuri, ziwashe.

Sasa zile silaha. Jina Archimedes limetoka kwa yule mwanahesabu wa Sirakusa ya kale, ambaye hadithi inasema alichoma meli za Warumi kwa vioo. Archimedes I inalipua wanajeshi wa NCR walioko nje ya mtambo. Archimedes II inakupa mwale kutoka angani, unaouita mara moja kwa siku ukiwa na kifaa kinachoitwa Euclid's C-Finder, ambacho unakikuta mikononi mwa mtoto wa mtaani Freeside anayekichezea kama bastola ya bandia. Elijah alipoteza watu wake kwa ajili ya hili. Rivas anakuomba usiiwashe. Wachezaji wengi wanaichagua kwa sababu ni silaha kali, na siwalaumu, lakini mimi sikuweza. Umeme wa watu wengi kugeuzwa moto wa mtu mmoja ni kitu kinachoniuma hata kwenye kioo cha kompyuta.

Kasoro zipo, na moja imenikera kweli. Baada ya kupeleka umeme eneo zima nilikimbia hadi Westside kuangalia. Nilitegemea taa. Nilitegemea mama mmoja anipungie mkono mlangoni, au angalau pampu inaunguruma mashambani kwao. Redio ya mle ndani ilitaja mtambo, watu wawili watatu wakanishukuru kule kule HELIOS, na basi. Mitaa ilikuwa vile vile nilivyoiacha. Swali zuri namna ile lilistahili jibu la kuonekana kwa macho. Najua gemu ilitengenezwa kwa muda mfupi, kama mwaka mmoja na nusu, lakini taa kumi tu zingetosha.

Ya pili ni ya kifundi. Mtambo wa vioo na mnara haufanyi kazi kama paneli. Kule Soroti tuna mtambo wa jua wa MW 10, uliowashwa Desemba 2016, nao ni wa paneli zinazogeuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja. Wa mnara unakusanya joto, joto linatengeneza mvuke, mvuke unazungusha turbini. Faida yake kubwa ni kwamba joto unaweza kulitunza, kwa mfano kwenye chumvi iliyoyeyushwa, ukalitumia jua likishazama. Gemu haikunionyesha popote kwamba HELIOS One inatunza joto. Sasa Westside watapata nini saa mbili usiku, wakati ndio wanapika na watoto wanasoma? Hata hapa kwetu, mzigo mkubwa unaanza saa kumi na mbili jioni. Tangi moja tu la chumvi chini ya mnara lingenifurahisha sana.

Alama zangu: gemu nzima naipa 8 kati ya 10, kwa sababu ya ule uzimikaji na sura za watu ambazo zimezeeka. HELIOS One peke yake naipa 9. Kama unaijua Kiingereza ya kusoma tu, usiogope, maneno yote yanaandikwa chini, ila soma polepole ukiwa kwa Rivas. Na kama una mzee nyumbani aliyewahi kufanya kazi ya umeme, mngoje awepo ndipo ufungue ile skrini ya kijani.

Wangu alirudi Jumapili iliyofuata bila kualikwa, amebeba miwani yake ya kusomea, akataka nimpeleke bwawa la Hoover akaone mashine.