Kichwa kimeuma ghafla: CT au maji ya uti wa mgongo?

Mgonjwa anaingia idara ya dharura ameshika kisogo: "Daktari, kimenipiga kama radi." Hofu ni damu kuvuja kuzunguka ubongo. Kipimo kipi?

Kwa kasi, CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya mionzi, haina mpinzani. Dakika chache picha ipo. Ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine ya kisasa na msomaji mzoefu, ni nadra sana damu kuiponyoka. Lakini saa zikisonga damu hufifia kwenye picha, na picha safi haitoshi tena kumtoa mtu wasiwasi. Hapo sindano ya mgongoni, inayochota maji ya uti wa mgongo, ndiyo mwamuzi, hasa baada ya saa 12, maji hayo yanapokuwa yameanza kugeuka manjano kwa damu iliyovuja. Tena sindano hiyo hugundua homa ya uti wa mgongo, ambayo CT huweza kuikosa kabisa.

Usumbufu? CT ni mionzi kidogo. Sindano inataka ujikunje magoti kifuani na, kichekesho hiki, yenyewe huweza kukuachia maumivu ya kichwa siku kadhaa, yanayozidi ukikaa wima.

Umewahi mapema? CT huenda ikatosha. Umekaa nayo siku mbili, au una homa na shingo imekakamaa? Usishangae ukiambiwa ujikunje.