Santuri za UFO: ipi ununue, na kwa nini uipime kuanzia mwisho wa upande

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wasomaji wanaonunua santuri kuukuu za UFO, bendi ya roki ya Uingereza, yanafanana mno: sahani imefika salama, jalada linang'aa, nyimbo za mwanzo zinalia vizuri, lakini gita la Michael Schenker, mpiga gita wa bendi hiyo, linapopamba moto sauti inaanza kukwaruza na kupasuka. Wengi huilaumu spika, nayo haina kosa. Tatizo limo katika sentimita chache za mwisho za kila upande, na kwa bendi hii uhondo mwingi umewekwa huko huko.

Sahani ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika kuanzia mwanzo hadi mwisho, ila mzunguko wa ukingoni ni mrefu kuliko ule wa karibu na kitovu. Kwa hiyo sindano inayopita ukingoni kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde hupita kwa takriban 21 tu inapoikaribia lebo. Sauti ileile kali hubanwa katika nafasi isiyofika nusu, na sindano nzito au iliyochakaa ya mmiliki wa kwanza huchimba kuta za mfereji unaobeba sauti mahali hapo kabla ya pengine popote. Sasa tazama mpangilio wa nyimbo: katika albamu ya Phenomenon ya 1974, "Rock Bottom" inafunga upande wa kwanza, katika Lights Out ya 1977, wimbo wenye jina la albamu unafunga upande wa kwanza na "Love to Love" unafunga wa pili. Ndiyo maana sijishughulishi na kona za jalada zilizokunjika. Ninachouliza ni hali ya wimbo wa mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa Strangers in the Night, albamu ya jukwaani ya sahani mbili iliyotoka 1979, ambayo nyimbo zake nyingi zilirekodiwa katika maonyesho ya Chicago na Louisville mwaka 1978. Upande wa tatu una nyimbo mbili tu, "Lights Out" na "Rock Bottom", na hii ya pili inazidi dakika 11. Kwa kuwa upande mzima hauzidi sana dakika 16, fundi aliyechonga sahani alikuwa na nafasi ya kutosha na hakulazimika kuibana mifereji. Hapo ndipo utakapomwelewa Schenker, aliyetoka bendi ya Scorpions ya Ujerumani na kujiunga na UFO mwaka 1973 akiwa na miaka 18: pedali ya wah-wah, inayobadilisha sauti ya gita kwa kukanyagwa, haichezechezi kwa mguu kama wengine, bali huiacha imesimama nusu njia ili gita litoe sauti ya puani, kisha anaicharaza solo ambayo unaweza kuiimba kwa mdomo. Yeye mwenyewe hakuridhika na baadhi ya solo ambazo mtayarishaji Ron Nevison alizichagua kwa albamu hii. Mimi namuunga mkono Nevison.

Lights Out ni ya pili, na ingekuwa ya kwanza kama sahani zisizochakaa za albamu hii zisingekuwa adimu kiasi hiki. Sikiliza "Love to Love" ukimfuatilia Paul Raymond, aliyetoka bendi ya Savoy Brown, ambaye alibeba kinanda na gita la pili kwa wakati mmoja na hakuwahi kupewa heshima iliyomstahili. Pete Way naye, mpiga besi, ndiye ambaye Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya Iron Maiden, amemtaja miongoni mwa waliomwathiri. Na Iron Maiden huupiga wimbo wa UFO "Doctor Doctor" kwenye vipaza sauti kabla ya kupanda jukwaani, kwa hiyo maelfu ya watu wanauimba bila kuijua bendi yenyewe. Andy Parker hupiga ngoma bila mbwembwe, na Phil Mogg huimba bila kupayuka, katika enzi ambayo kupayuka ndiko kulikolipa.

Phenomenon ni ya tatu. Sauti yake ni nyembamba zaidi, hivyo uchakavu wa mwishoni hujitokeza mapema. Force It ya 1975 na Obsession ya 1978 ni za kununua ukizikuta, si za kuzisaka.

Kuhusu toleo, sifichi upendeleo wangu: ni la kampuni ya rekodi ya Chrysalis la miaka ya 1970, na sindano ya Audio-Technica VM540ML, ambayo ncha yake nyembamba hufika sehemu ya ukuta ambayo sindano za kale hazikuigusa, na mara nyingi huokoa sahani ambayo wengine wangeitupa. CD za mkusanyiko za bei nafuu zinafaa garini. Mwenye fedha na subira anunue sanduku la CD nane la Strangers in the Night la 2020, ambamo maonyesho kamili ya Oktoba 1978 yamo na tatizo la mfereji halimo.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Yupo mmoja aliyeniandikia kwamba sahani yake ya Strangers in the Night ni "kama mpya", akanitumia picha nne, zote za jalada, na gharama ya kutuma iliyokaribia bei ya sahani yenyewe. Nilipomwomba arekodi kwa simu dakika mbili za mwisho za upande wa tatu, alisema hana muda wa kusikiliza kila anachouza. Basi kabla ya kulipa, omba rekodi hiyo, na omba picha ya sahani iliyoinamishwa chini ya taa: mfereji usiochakaa hung'aa sawasawa hadi kwenye lebo, na uliochakaa huonyesha ukanda wa kijivu karibu na kitovu. Ukiuona ukanda huo, usikubali punguzo lolote.